Macho Yanachoma, Kichwa Kinagonga: Kutafuta Chanzo cha Maradhi ya Kazini katika Maabara ya Patholojia

Mfanyakazi wa maabara ya patholojia, yaani ile inayochunguza tishu za wagonjwa, anayeumwa kichwa kila siku ya kazi ikifika alasiri, kisha akaamka mzima Jumapili, anahitaji kalamu na daftari kabla ya kuhitaji panadoli. Dalili zinazotokana na kazi hii hazina sura ya pekee: macho mekundu yanaweza kuwa ya formalini (dawa ya kuhifadhia tishu), ya vumbi la barabarani au ya mafua, na kikohozi kinaweza kuwa cha chochote. Kinachotenganisha chanzo kimoja na kingine ni wakati na mahali. Kwa hiyo, kabla ya kushuka kwenye dalili moja moja, andika kwa muda wa wiki mbili dalili imeanza saa ngapi baada ya kuingia kazini, imechukua muda gani kuisha baada ya kutoka, ulikuwa umesimama wapi ukifanya nini, na nani mwingine chumbani alipatwa na jambo hilohilo. Siku za mapumziko ziandikwe pia, hata kama hakuna la kuandika zaidi ya neno «mzima», kwa sababu siku hizo ndizo kipimo cha kulinganishia.

Macho kuchoma, machozi kutoka, koo kukereketa

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na wa kwanza kushukiwa ni formalini. Ile ya asilimia 10 tunayohifadhia tishu ina takriban asilimia 4 ya formaldehaidi, gesi inayoyeyuka upesi kwenye unyevu wa macho, pua na koo, na ndiyo maana huwasha sehemu hizo kabla ya kufika kwenye mapafu. Iliyokolea, inayoletwa kwa madumu ili izimuliwe maabara, ina kati ya asilimia 37 na 40, na kuimimina kwenye ndoo nje ya kabati la kufyonza mvuke ni kazi ya dakika tano inayoweza kuharibu hewa ya chumba asubuhi nzima.

Ikiwa macho huanza kuchoma pale tu unapoinamia meza ya kukatia sampuli, na mwenzako aliyeketi upande wa pili kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia tishu vipande vyembamba, hasikii kitu, tatizo liko kwenye meza yenyewe, hususan mahali hewa inapoelekea. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, ushike kwenye usawa wa sampuli (si kwenye mdomo wa feni, ambako kila karatasi itapepea), kisha uangalie unavutwa kwenda wapi. Feni iliyofungwa juu ya dirisha, nyuma ya kichwa cha mkataji, huuvuta mvuke kutoka kwenye kopo, huupitisha usoni kwake, ndipo huutoa nje. Inafanya kazi kama ilivyofungwa, ila imefungwa mahali pabaya. Mvuto unatakiwa utokee nyuma ya ubao wa kukatia au chini yake, ili hewa safi ipite usoni kwa mtu kwanza na mvuke uondoke kabla haujamfikia. Wakati marekebisho hayo yanasubiri fedha, suuza sampuli kwa maji kabla ya kuiweka ubaoni, fungua kopo moja kwa wakati mmoja, na urudishe kifuniko kabla ya kufungua jingine.

Ikiwa wote huchomwa macho, na anayefungua mlango asubuhi ndiye anayepigwa zaidi, usihangaike na meza. Mvuke ulijikusanya usiku kucha wakati feni imezimwa, na umetoka kwenye kitu kilichoachwa wazi: makopo ya sampuli za zamani yenye vifuniko visivyobana, ndoo ya taka yenye pamba na glavu zilizolowa, au karo lililomwagiwa formalini jioni bila kufuatishwa maji. Ingia na mwenzako mmoja, pitieni rafu moja baada ya nyingine, mkigusa vifuniko kwa kidole chenye glavu. Kilicholowa au chenye ukoko mweupe pembezoni ndicho kinachovuja.

Hali ya tatu niliijua kwa gharama ya macho yangu. Katika maabara moja niliyofanyia kazi ukanda wa pwani tulifungiwa kiyoyozi, tukafunga madirisha kwa furaha, na wiki ya pili wanne kati yetu tulikuwa na macho mekundu kama wavuvi waliokesha. Tulilaumu formalini mpya, tukabadilisha dumu, hali ikabaki ileile. Dada mmoja aliyetutangulia kazini kwa miaka mingi aliingia, akaitikia shikamoo yangu, akasimama kidogo chini ya kiyoyozi, akasema, «Mdogo wangu, hiki kinapoza hewa ileile mnayoivuta, nyingine hakileti.» Ndivyo vilivyo viyoyozi vya ukutani vilivyo vingi: huzungusha hewa ya ndani na havina njia ya kuingiza ya nje. Mahali penye formalini pawe na feni ya kutoa hewa nje pamoja na tundu la kuingizia hewa safi, na kiyoyozi kihesabiwe kuwa ni starehe tu, kisichukuliwe kuwa kinga.

Yapo makosa mawili ya kujikinga ambayo huurefusha ugonjwa kwa sababu humpa mtu imani isiyo na msingi. La kwanza ni barakoa. Barakoa ya upasuaji na ile ya N95 huzuia matone na chembechembe, lakini gesi hupita ndani yake kama maji kwenye chekecheke. Kwa formaldehaidi inatakiwa barakoa ya mpira inayobana uso, yenye chujio lililoandikwa waziwazi kwamba ni la gesi hiyo, na chujio hilo hubadilishwa kwa ratiba. La pili ni pua. Kanuni za Marekani zinaweka mpaka wa sehemu 0.75 za formaldehaidi kwa kila sehemu milioni moja za hewa kwa wastani wa saa 8, na sehemu 2 kwa dakika 15, ilhali pua ya mtu aliyezoea husema «leo haina harufu» hata mpaka huo ukiwa umevukwa. Muulize mgeni aliyeingia sasa hivi kutoka nje. Yeye ana pua ambayo haijachoka. Kipimo cha kweli ni beji ndogo ya kuvaliwa kwenye ukosi wa koti zamu nzima, ambayo hupelekwa kuchunguzwa. Haifai kulichukulia jambo hili kuwa ni kero ya macho tu, kwa kuwa tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Formalini ikirukia jichoni, hakuna uchunguzi wa kufanya: maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, kisha hospitali. Na ikimwagika sakafuni, usiimwagie jiki kwa mazoea ya kusafisha damu. Jiki na formalini havipatani, na asidi hidrokloriki, ambayo wengi tunayo kwa ajili ya kulainisha mifupa, ikikutana na mvuke wa formaldehaidi inaweza kuzalisha kemikali nyingine iliyothibitishwa kusababisha saratani. Vitu hivi vitatu visikae kabati moja.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu

Hapa hadithi huhama kutoka meza ya kukatia na kwenda kwenye mstari wa kupaka rangi slaidi, maana mshukiwa ni zailini, kimiminika cha kusafishia tishu na slaidi. Dalili hujenga polepole: kichwa kinaanza kuwa kizito baada ya saa moja au mbili za kufunika slaidi, halafu mtu anahisi kama amekunywa pombe, anajibu maswali kwa kuchelewa, na hewa ya nje humrudishia nafuu upesi. Ikiwa kichwa kinauma hata Jumapili nyumbani, acha zailini na utafute malaria, shinikizo la damu, au siku nzima ya kazi bila maji ya kunywa. Ikiwa kinauma tu baada ya muda mrefu kwenye hadubini, na maumivu yako juu ya nyusi, kapime macho.

Njia rahisi ya kuthibitisha ni kubadilishana zamu. Anayefunika slaidi ahamie kwenye mikrotomu kwa wiki moja na mwingine achukue nafasi yake. Kichwa kikihama pamoja na kiti, chanzo ni kiti. Hospitali zenye uwezo hupima pia asidi ya methilihipyuriki katika mkojo unaotolewa mwisho wa zamu, kwani ndiyo mabaki ya zailini baada ya mwili kuichakata.

Kosa la kawaida ni kuitafutia zailini dawa ileile ya formalini. Mvuke wa zailini ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu, hivyo huteremka, hutambaa kwenye sakafu na kujikusanya chini ya meza, mahali hasa tunapopenda kuficha dumu la zailini iliyotumika. Feni ya juu haiufikii. Dumu lifungwe, litolewe chumbani kila siku, na vyombo vya kupakia rangi vifunikwe kila slaidi zinapotoka, si jioni tu. Kuna sababu nyingine ya kuharakisha: zailini hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kwenye joto la takriban nyuzi 27 za Selisiasi, na chumba kisichopozwa mjini Dar es Salaam au Mombasa huvuka joto hilo kabla ya adhuhuri. Mtu anayelalamika kichwa karibu na oveni ya kuyeyushia parafini anatoa taarifa mbili kwa pamoja, ya afya na ya moto, na ya pili haina subira.

Glavu nazo zichunguzwe. Glavu nyembamba za naitrili hustahimili formalini vizuri, ila zailini huzipenya ndani ya dakika chache, na za mpira wa kawaida hazina unafuu wowote. Zikilowa zailini, zivue papo hapo. Kuendelea nazo ni sawa na kuufunga mkono ndani ya kemikali. Vimiminika mbadala vinavyotokana na maganda ya machungwa vina nafuu kwa kichwa, lakini vimewaletea wengine mzio wa ngozi, kwa hiyo usivipokee kama vitu visivyo na madhara.

Kifua kubana na kikohozi cha usiku

Pumu ya kazini hudanganya kwa kuchelewa. Mtu hufanya kazi salama mchana, anarudi nyumbani, na saa nne za usiku kifua kinaanza kutoa mlio na kubana. Naye analaumu vumbi la nyumba, godoro au paka wa jirani. Swali linalofichua ni moja: ulipokwenda likizo ya mwezi mzima, ulilalaje? Akijibu kwamba alilala vizuri tangu wiki ya kwanza, na kifua kikarudi siku chache baada ya kuripoti, kazi inashukiwa kwa nguvu.

Daktari atahitaji ushahidi zaidi ya maneno. Kifaa kidogo cha mkononi cha kupima nguvu ya pumzi si ghali, na mtu hukipuliza walau mara nne kwa siku, kwa wiki mbili au zaidi zinazojumuisha siku za kazi na za mapumziko, akiandika namba na saa. Namba zinazoshuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko ndizo zinazozungumza. Formaldehaidi inaweza kuwa chanzo, lakini usizisahau glavu za mpira zenye unga: unga ule hubeba protini za mpira hewani kila glavu zinapovuliwa kwa kupigwa puu, na hata asiyezivaa huivuta. Anayeshindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi asiandike chochote, apelekwe hospitali.

Mikono kukauka, kupasuka, kuwasha

Ngozi ina mitindo mitatu, na muda hutenganisha. Vipele na mwasho vinavyotokea dakika chache baada ya kuvaa glavu, hasa vikiambatana na kupiga chafya, ni mzio wa mpira wa asili, na mtu huyo aambiwe asiziguse tena kwa kuwa safari nyingine mwitiko unaweza kuufikia mwili mzima. Wekundu na malengelenge yanayotokea siku moja hadi tatu baadaye, mahali palipoguswa, ni mzio wa kuchelewa unaoletwa na formaldehaidi au na kemikali zinazotumika kutengenezea glavu. Huu huthibitishwa kwa kubandikwa vipimo mgongoni na daktari wa ngozi. Mtindo wa tatu ndio mwingi zaidi nao si mzio kabisa: ngozi imekauka na kupasuka kwa sababu ya kunawa mara nyingi kwa siku, vitakasa mikono na zailini. Huo hutibiwa kwa mafuta mazito yasiyo na manukato, na kwa kukausha mikono kabla ya kuvaa glavu nyingine.

Kikohozi kisichoisha wiki mbili

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kupungua uzito ni kifua kikuu mpaka vipimo vikanushe, na mfanyakazi wa patholojia ana sababu zake za kuambukizwa, ambazo wenzake wa idara nyingine hawana. Wengi wetu tumeamini kwamba formalini imeshaua kila kitu na kwamba baridi hufanya vivyo hivyo. Imani zote mbili zina tundu. Mashine ya kukatia tishu zilizogandishwa hufanya kazi karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, joto linalolaza bakteria wa kifua kikuu bila kuwaua, na vipande vinavyopeperuka ndani yake ni tishu mbichi. Formalini kwa upande wake hupenya tishu kwa takriban milimita moja kwa saa, tena kwa saa za mwanzo. Kipande cha pafu au tezi kubwa kilichotumbukizwa kizima kwenye kopo dogo hulala usiku mzima kikiwa kimekauka nje na kibichi ndani. Ukikata na kukuta katikati bado pana rangi nyekundu ya nyama ya buchani, na kisu kinateleza badala ya kukata kwa ukavu, simamisha kazi: hiyo ni sampuli mbichi, na ishughulikiwe hivyo. Irudishwe kwenye formalini ikiwa imechanjwa vipande, kwa ujazo usiopungua mara kumi ya tishu.

Kwa hiyo mwenye kikohozi atoe makohozi yapimwe, kisha orodha ya kazi zake za miezi iliyopita iangaliwe: je, alifanya uchunguzi wa maiti, alikata tishu zilizogandishwa, alitumia dawa ya kupulizia ili kugandisha haraka, ambayo hurusha chembechembe usoni? Hapa ndipo N95, iliyokuwa haina kazi mbele ya formalini, inapokuwa kinga sahihi.

Kujichoma na kujikata

Hii ni ajali yenye saa inayokimbia, nayo haina nafasi ya kusubiri dalili. Jakob Kolletschka, profesa wa Vienna, alichomwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wa uchunguzi wa maiti mwaka 1847 akafa kwa sumu ya damu, na kifo hicho ndicho kilichomfumbua macho rafiki yake Semmelweis, daktari aliyetetea kunawa mikono hospitalini. Leo tuna mengi ambayo wao hawakuwa nayo, mradi yatumike kwa wakati. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye kidonda, usikipake jiki. Toa taarifa papo hapo. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya UKIMWI huanza ndani ya saa chache, na zisivuke saa 72, kisha humezwa siku 28. Kwa wastani, kujichoma sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI huambukiza katika matukio 3 kati ya 1,000, wakati homa ya ini ya B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufikia 30 kati ya 100. Chanjo yake ni dozi tatu, ya mwanzo, ya mwezi mmoja na ya mwezi wa sita, na mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho kingamwili zipimwe, kwa kuwa wapo wanaochanjwa bila mwili kujibu.

Ajali zikijirudia mahali pamoja, tafuta sababu kwenye kifaa kabla ya kumlaumu mtu. Kwenye mikrotomu karibu kila mara utakuta gurudumu halikufungwa wakati wa kubadilisha bloku (kipande cha parafini chenye tishu), kinga ya wembe imevunjika na haikununuliwa nyingine, au wembe uliotumika umeachwa mezani kwa sababu kisanduku cha vyenye ncha kali kiko upande wa pili wa chumba.

Shingo na mkono

Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayomwamsha mtu usiku akikung'uta mkono, ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo, na gurudumu la mikrotomu ndilo la kushukiwa. Shingo inayouma kwa msoma slaidi hupona zaidi kwa kiti kinachopandishwa na hadubini inayosogezwa kwenye ukingo wa meza kuliko kwa dawa ya kuchua.

Kuandikisha

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapima afya wafanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi sambamba na ajali. Daftari lako la wiki mbili huanza kuwa na thamani hapo. Kwenye fomu andika formaldehaidi au zailini kwa jina, si «dawa za maabara». Taja chumba, kazi uliyokuwa ukifanya, saa, na siku ulizopata nafuu ukiwa nje. Mpe msimamizi nakala, akusainie kwamba ameipokea, na ile yenye saini yake ibaki nyumbani kwako.